Sufuria ya Mabely

Msimu wa korosho uliopita nilitoka Mtwara mjini kwenda kijijini kwetu, upande wa Masasi, kumjulia hali bibi mzaa baba. Jioni moja, tulipokuwa barazani tukibangua korosho za kula wenyewe, nilimsimulia hadithi ya mtu wa kanisa na mjane. Hadithi hiyo ilitungwa na Mwingereza, Geoffrey Chaucer, zaidi ya miaka 600 iliyopita, na imo katika Hadithi za Canterbury, kitabu nilichoanza kukisoma nikiwa kidato cha sita na ambacho mpaka leo sijakimaliza kwa mpangilio, kwa sababu kila nikikifungua huishia kwenye kurasa zile zile. Bibi sikumweleza hayo. Nilimwambia tu kwamba hapo kale palikuwa na mtu aliyetumwa na mahakama ya kanisa kupeleka samansi, na kwamba mtu huyo alikuwa mwizi.

Mpeleka samansi huyo alikuwa njiani kwenda kumtoza mjane mzee kwa kosa la kubuni, akakutana na kijana aliyevaa kijani, mwenye upinde na mishale. Walisalimiana, wakaulizana kazi. Mpeleka samansi aliona haya kuitaja kazi yake, akasema yeye ni msimamizi anayekusanya kodi za bwana wake. Yule mwingine akasema naye ni msimamizi vilevile, wakaapiana undugu mpaka kufa. Mbele kidogo yule kijana akafichua kwamba yeye ni shetani, makazi yake ni jehanamu, na yuko safarini kutafuta riziki. Mwenzake hakushtuka hata kidogo. Kiapo ni kiapo, alisema, na wataendelea pamoja, kila mmoja akichukua anachopewa na watu. Wakamkuta mtu ambaye mkokoteni wake wa majani makavu umekwama matopeni, anawalaani farasi wake kwa sauti, shetani awachukue wao, na mkokoteni, na majani yote. Mpeleka samansi akamnong'oneza ndugu yake: chukua basi, si umepewa. Shetani akakataa, akisema mtu yule hakusudii anachokisema. Na kweli, mkokoteni ulipotoka tu, mwenyewe akaanza kuwabariki farasi.

Wakafika kwa mjane, ambaye jina lake ni Mabely. Mpeleka samansi akabisha hodi, akadai kwamba ana hati ya kumwita mbele ya arkidikoni, na asipofika atatengwa na kanisa. Ila akitoa peni 12 hapo hapo, jambo litafutwa. Bibi kizee akajibu kwamba ni mgonjwa, hawezi kwenda mbali, na peni 12 hana hata akipewa dunia nzima azitafute. Basi, akasema mpeleka samansi, nitaichukua sufuria yako mpya kwa deni la zamani, la siku ile ulipomsaliti mumeo na mimi nikakulipia faini. Mabely, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kuitwa na mahakama yoyote, akapiga magoti akamlaani: shetani na akuchukue, wewe na sufuria yangu. Shetani akamwuliza kwa upole, akimwita mama yake mpenzi, kama maneno hayo anayakusudia. Anayakusudia, akajibu, isipokuwa mtu huyu atubu. Mpeleka samansi akasema hana haja ya kutubu, na laiti angeweza kumvua hata nguo aliyovaa. Shetani akamchukua, akamwahidi kwamba kabla usiku haujaisha atazijua siri za jehanamu kuliko mwalimu yeyote wa teolojia.

Bibi alicheka mpaka akaweka jiwe chini. Alipomaliza kujifuta machozi aliniuliza: "Na sufuria, mume wangu? Alibaki nayo?"

Sikukumbuka. Nilimwambia kwamba nitaangalia nikirudi mjini, naye akaniangalia kama mtu aliyekwenda dukani akasahau alichotumwa.

Hasira iliyomo katika hadithi hiyo haieleweki mpaka mtu aijue mahakama yenyewe. Uingereza ya karne ya 14 ilikuwa na mahakama za mfalme na mahakama za kanisa, na ni hizi za pili zilizoingia mpaka chumbani mwa mtu. Uzinzi, ndoa, wosia, kashfa, riba, uchawi, zaka iliyolipwa pungufu, yote hayo yalikuwa yao. Arkidikoni, aliyekuwa chini ya askofu na juu ya mapadre wa parokia, aliendesha mahakama ya ngazi ya chini, na mpeleka samansi alikuwa macho na miguu yake. Aliyekaidi wito alitengwa na kanisa, na akikaa siku 40 bila kujisalimisha, askofu aliweza kumwandikia mfalme ili mtu huyo akamatwe na kufungwa. Kwa hiyo hati ile yenye lakiri haikuwa karatasi ya mchezo: nyuma yake palikuwa na gereza, na nyuma ya gereza, kwa imani ya watu wa wakati ule, palikuwa na moto usiozimika.

Chaucer aliona jambo ambalo mhubiri wa kawaida angelipita. Mpeleka samansi wake hapokei hongo ili afanye kitu. Anapokea ili asifanye. Bidhaa yake ni hati ambayo haitafika. Anao wapelelezi, wakiwemo wanawake wanaouza miili, wanaomletea majina ya waliokuja kwao, na mara nyingi hana hata amri ya mahakama mfukoni. Anamwita mtu asiyejua kusoma kwa karatasi tupu, na mtu huyo anajaza mfuko wake ili jina lake lifutwe katika kitabu ambacho halikuwahi kuandikwa. Arkidikoni alizipata faini zilizofika mahakamani, tarishi akazipata zile ambazo hazikufika, na mwananchi alilipa huku au kule.

Nimejaribu kupima uzito wa zile peni 12. Baada ya tauni kuu ya 1348 na 1349 kuua watu wengi na vibarua kuanza kudai ujira mkubwa, bunge lilitunga sheria mwaka 1351 ya kuwabana, na humo iliandikwa kwamba kibarua wa kupalilia au wa kukausha majani asilipwe zaidi ya peni 1 kwa siku. Hata tukikubali kwamba waajiri wengi walilipa zaidi ili wapate watu, kwa kipimo cha sheria Mabely alitakiwa kutoa siku 12 za kuinama shambani, kwa kosa ambalo hakulitenda, na yeye hakuwa mtu wa kuinama tena.

Sura ya mpeleka samansi mwingine, aliye hujaji, imechorwa mapema zaidi, katika utangulizi wa kitabu, pale ambapo Chaucer anawataja mahujaji wanaosimuliana hadithi hizo, waliokutana katika nyumba ya wageni ya Tabard, Southwark, ng'ambo ya mto kutoka London, wakienda kuzuru kaburi la Thomas Becket, askofu mkuu aliyeuawa ndani ya kanisa lake la Canterbury tarehe 29 Desemba 1170. Uso wake ni mwekundu wenye vipele ambavyo hakuna dawa ya kuviondoa, watoto wanamkimbia, anapenda vitunguu na kitunguu saumu, na anapenda mvinyo mwekundu uliokolea. Akilewa haongei lugha nyingine ila Kilatini. Kilatini chenyewe ni maneno mawili matatu aliyoyaokota mahakamani kwa kuyasikia kila siku, kama ndege wa kufugwa anavyofundishwa jina, na ukimwuliza swali la pili hazina imekwisha. Nani kwetu hajamwona mtu wa namna hii kilabuni msimu wa mabibo, akishakunywa uraka anakuwa hakimu, anataja vifungu vya sheria kwa Kiingereza ambacho asubuhi hana?

Kwa robo galoni ya mvinyo, anasema Chaucer, mpeleka samansi huyu angemwachia mtu akae na hawara yake miezi kumi na miwili. Na kwa yule anayeogopa laana ya arkidikoni alikuwa na maneno ya kumtuliza: asiogope, kwa sababu jehanamu ya arkidikoni ni mfuko wa fedha. Sentensi hiyo moja ni kali kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia, na inatoka kinywani mwa mtumishi wa mahakama hiyo hiyo.

Mwandishi alizijua karatasi. Mwaka 1374 alipewa kazi ya kukagua ushuru wa sufu katika bandari ya London, kazi iliyomtaka aandike hesabu kwa mkono wake mwenyewe, na akaishika mpaka 1386. Nadhani kiti hicho cha forodhani kilimfundisha mengi kuliko vitabu. Aliyekaa bandarini miaka 12 anajua kwamba muhuri una bei mbili, na kwamba mtu mkubwa wa ofisi huonekana mara chache, lakini mtu mdogo wa mlangoni huonekana kila siku. Maaskofu hawamo katika msafara wake. Wamo watu wa mlangoni.

Mimi mtu wa mlangoni nilimwona nikiwa darasa la sita, mwaka aliofariki baba yangu mdogo. Msiba ulikuwa hapo hapo kwa bibi. Asubuhi ya maziko alikuja mzee mmoja wa kanisa, ambaye sitamtaja yeye wala kanisa lake, amebeba daftari la mistari lenye jalada gumu, akaketi kwenye kiti ambacho wazee wengine walikuwa wamekiacha, akafungua ukurasa. Marehemu, alisema, ana deni la michango ya miaka mitatu. Kengele haitapigwa na padre hatapelekewa habari mpaka deni lisafishwe, maana huo ndio utaratibu kutoka juu. Baba na ndugu zake walitoka nje wakasimama chini ya mkorosho wakinong'ona, kila mmoja akigeuza mifuko. Nakumbuka kidole cha mzee yule kikifuata mistari ya daftari taratibu, kama anayesoma Maandiko. Baada ya muda, sijui kwa njia gani, daftari likafungwa, na kengele ikalia. Miaka kadhaa baadaye tulikuja kusikia kwamba padre, aliyekuwa akiishi mbali na kuhudumia vijiji vingi kwa pikipiki moja, hakuwahi kutoa agizo kama hilo wala kuliona daftari hilo.

Kwa hiyo nilipofika kwenye maneno ya jehanamu ya arkidikoni, sikuhitaji maelezo ya mwalimu.

Katika msafara ule, mpeleka samansi ana rafiki wa kuimba naye, na huyu ndiye kiumbe wa kutisha zaidi kitabuni: mchuuzi wa hati za rehema. Haki ni haki, kwa hiyo nianze na mafundisho yenyewe. Kanisa lilifundisha kwamba mtu akishatubu na kuungama, dhambi yake imesamehewa, lakini inabaki adhabu ya muda ya kulipia hapa duniani au toharani, na hati ya rehema ilipunguza adhabu hiyo kwa mtu aliyetoa sadaka kwa kazi njema. Fedha zilijenga hospitali na madaraja. Wachuuzi walitumwa vijijini kukusanya sadaka hizo, na huko walisema wasichotumwa: kwamba hati inafuta dhambi yenyewe, na anayelipa ameokoka. Mtaguso wa Laterani wa mwaka 1215 ulikwisha kuonya juu ya wakusanyaji wa namna hiyo na masalia ya uongo, na zaidi ya karne moja na nusu baadaye Chaucer bado alikuwa na wa kumchora.

Mchuuzi wake anajidai ametoka Roma, hati zake zingali na moto. Ana foronya ya mto anayosema ni shela ya Bikira Maria, kipande cha tanga la mashua ya Petro, na chupa ya kioo yenye mifupa ya nguruwe. Ana mfupa wa bega la kondoo, ukichovywa kisimani ng'ombe wanapona, na glavu ambayo mkulima akiivaa wakati wa kupanda, mavuno yanaongezeka, mradi ametoa sadaka. Kwa siku moja anakusanya zaidi ya anachopata padre wa parokia kwa miezi miwili. Mwenyewe anataja pato lake: marki 100 kwa mwaka. Mwaka 1350 Askofu Mkuu Simon Islip alikuwa ameagiza kwamba kasisi wa kuajiriwa anayehudumia parokia asidai zaidi ya marki 6.

Ujanja wake ulio bora kuliko wote hauhitaji mfupa. Kabla ya kukusanya sadaka, anawatangazia watu kwamba yeyote mwenye dhambi ya kutisha ambayo ameogopa kuiungama, na mwanamke yeyote aliyemsaliti mumewe, hataweza kuja mbele kutoa, neema haitamruhusu. Fikiria kanisa la kijiji, kila mtu anamjua mwenzake, na mume amekaa benchi la pili. Nani atabaki amekaa? Wanunuzi wa kangomba, wanaozunguka vijijini kununua korosho nje ya mfumo kwa bei ya kutupa, humsubiri mkulima siku ya shida, siku ya ada au ya ugonjwa. Mchuuzi wa rehema hasubiri siku ya shida, anaitengeneza mwenyewe, pale pale kanisani, kwa sentensi moja.

Na mahubiri yake yote, anasema, yana andiko moja tu, lile la Waraka wa Kwanza kwa Timotheo kwamba shina moja la mabaya ya kila namna ni kupenda fedha. Anahubiri dhidi ya tamaa ili kulisha tamaa, na anawaeleza mahujaji wenzake hivyo waziwazi. Kisha anasimulia hadithi nzuri kuliko zote kitabuni, ya walevi watatu walioapa kumtafuta Mauti wamuue, wakaelekezwa chini ya mti, wakakuta pale rundo la dhahabu, na muda si mrefu wote watatu wameuana kwa ajili yake. Hadithi ni ya kweli kabisa kwa maana yake, na msimuliaji ni mwongo. Nimekuwa nikijiuliza kwa miaka kama Chaucer alitaka tuione hiyo kuwa kejeli tu. Mimi naona kuna jambo gumu zaidi: kwamba wanakijiji waliomsikiliza huenda kweli waliacha tamaa zao, na fedha zao zikaenda kwa mtu asiyeacha zake. Mwishoni anasahau kwamba amekwisha kujifichua, anawageukia mahujaji na kuwaalika waje wabusu masalia, akianza na mwenye nyumba ya wageni. Naye anamjibu kwa tusi ambalo siwezi kuliandika hapa.

Ndugu mtawa wa shirika la ombaomba, Hubert, simpi nafasi kubwa. Anaungamisha kwa utamu na kutoa kitubio chepesi kwa mwenye mkono mzito, anawajua wenye vilabu kuliko wenye ukoma, na katika kofia yake ameweka visu vidogo na pini za kuwapa wake za watu. Yupo pia mmonaki mwindaji, mwenye farasi wengi na manyoya ya thamani kwenye mikono ya joho. Huyo nilishindwa kumpa sura kwa muda mrefu, kwa sababu mmonaki niliyemjua mimi utotoni ni wa Ndanda, ambako Wabenediktini wapo tangu 1906, na kwetu neno mmonaki lina harufu ya hospitali na karakana, halina harufu ya mawindo.

Kuna kitu kimoja katika maelezo ya Hubert nilichokiona baada tu ya swali la bibi. Chaucer anasema kwamba hata mjane asiye na kiatu hangeachwa na Hubert bila kutoa robo ya peni. Nikarudi kwa mchuuzi wa rehema: naye anasema kwamba atachukua fedha, sufu, jibini na ngano hata kwa mjane maskini kuliko wote kijijini, watoto wake wafe njaa wakitaka. Halafu Mabely. Mara tatu, kwa maafisa watatu, kipimo ni mjane. Nilikuwa nimesoma kitabu hiki kwa miaka bila kuwaunganisha wajane hawa, na sidhani kwamba wamewekwa pale kwa bahati. Msikilizaji wa wakati ule, hata asiyejua kusoma, alikuwa amesikia kanisani jinsi Yesu alivyowakemea waandishi wanaokula nyumba za wajane na kusali sala ndefu, na jinsi, mara baada ya maneno hayo, alivyomwona mjane akitia senti zake mbili katika sanduku la hazina.

Hiyo ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema kwamba Chaucer alikuwa adui wa kanisa. Rula aliyowapimia maafisa aliichukua ndani ya kanisa lenyewe. Ndivyo pia kwa William Langland, aliyeandika katika miaka hiyo hiyo shairi refu la Piers mkulima. Humo yumo Bibi Hongo, mwanamke mzuri aliyepambwa kwa vito, na ndugu mtawa anakwenda kumwungamisha. Atamwondolea dhambi zake kwa mzigo wa ngano, kisha anamdokezea kwamba wanaweka dirisha la kioo, na kwamba akigharimia kioo hicho jina lake litachorwa humo. (Mwenye kuhudhuria harambee zetu za kupaua kanisa asicheke sana.) Yumo padre mvivu aliyekaa upadre zaidi ya miaka 30, hajui kuimba wala kusoma maisha ya watakatifu, ila anajua kumtafuta sungura shambani. Wapo pia mapadre wanaomwomba askofu ruhusa ya kuhamia London, kwa kuwa parokia zao zimefukarika tangu tauni, na London kuna misa za kulipwa.

Washairi hawakuwa wakizidisha chumvi kama tunavyodhani. Karne moja kabla yao aliishi Bogo de Clare, mtoto wa nyumba ya kikabaila, aliyekuwa na parokia zaidi ya 20 kwa wakati mmoja, akila mapato yake bila kukaa katika nyingi ya hizo. Mwaka 1290 mtu mmoja alipeleka nyumbani kwake London hati ya wito kutoka kwa askofu mkuu. Watumishi wa Bogo walimkamata, wakamlazimisha aile hati hiyo, pamoja na lakiri zake. Kesi ilifika bungeni. Kila nikimchukia mpeleka samansi wa Chaucer humkumbuka mwenzake huyu akitafuna nta, na naona kwamba karatasi iliyomtisha mjane ilikuwa chakula tu kwa mtu mwenye ngome ya ndugu.

Mbele ya hao wote Chaucer ameweka padre mmoja maskini. Parokia yake ni pana na nyumba ziko mbalimbali, lakini mvua ikinyesha na radi ikipiga anakwenda kwa miguu, fimbo mkononi, mpaka kwa mgonjwa wa mwisho. Hapendi kumlaani mtu kwa ajili ya zaka. Afadhali awape maskini katika sadaka yake mwenyewe. Hakuikodisha parokia yake akakimbilia London. Na ana swali lake: dhahabu ikiota kutu, chuma kitafanyaje? Padre huyu hana kichekesho hata kimoja, ndiyo maana wanafunzi humruka. Lakini ukimwondoa, waliobaki wanakuwa wachekeshaji tu.

Watu wengine hawakucheka. Juni 1381 wakulima walioasi kwa sababu ya kodi ya kichwa waliingia London, na tarehe 14 walimkata kichwa Askofu Mkuu Simon Sudbury, aliyekuwa pia chansela, yaani waziri wa juu wa mfalme. Mmoja wa viongozi wao alikuwa padre, John Ball. John Wyclif, msomi wa Oxford aliyeyashambulia mamlaka na mali ya kanisa, alifariki 1384 kitandani, lakini mwaka 1428 mifupa yake ilifukuliwa ikachomwa moto. Sheria ya kuwachoma wazushi wakiwa hai ilipitishwa 1401, mwaka mmoja baada ya Chaucer kufariki. Yeye alikuwa ameyasema yake kwa kumpa shetani mavazi ya kijani, na hakuna aliyemgusa.

Askofu Edward Steere alipowafikisha Masasi, mwaka 1876, watu waliookolewa utumwani na kuanzisha misheni ya Kianglikana, wachuuzi wa rehema walikuwa wametoweka Uingereza zaidi ya miaka 300. Babu zetu waliletewa kanisa bila kumbukumbu hiyo. Walifundishwa Zaburi na Injili, hawakufundishwa mifupa ya nguruwe, na pengine ndiyo maana mzee wa daftari alipofungua ukurasa asubuhi ile hakuna aliyemwomba aonyeshe agizo.

Nilirudi kijijini mwezi Januari na jibu la bibi. Sufuria ilikwenda. Imeandikwa wazi: shetani anamwambia mpeleka samansi kwamba mwili wake na sufuria hii ni mali yake kwa haki. Mabely alibaki mlangoni, mtesi wake amechukuliwa, na chombo chake kipya kimechukuliwa pia.

Bibi hakucheka safari hii. Alifikiri kidogo, akasema: "Alikosea kuitaja. Angemtaja mtu peke yake. Si umesema shetani yule anachukua kilichokusudiwa?"

Nilikiri kwamba hilo sikuwa nimeliona.

"Mimi siku ya baba yako mdogo nilitaka kumtaja mtu," akaendelea, bila kuinua macho kwenye korosho. "Maneno yalifika hapa. Nikaingia ndani nikampa gunia."

"Gunia gani, bibi?"

"Zile za mwisho. Tulizokuwa tunangoja kupeleka ghalani. Alilifunga nyuma ya baiskeli, akapitia kwa nyuma, ninyi mko chini ya mkorosho."

Nilimwuliza kwa nini hakutuambia miaka yote hiyo. Alisema tungegombana na mtu wa kanisa, na yeye alikuwa na wengine wa kuzika.

"Lakini kengele aliipiga vizuri," akasema, kisha akaniomba nimsogezee bati, moto ulikuwa unakwisha.